Kukata bima ya uwanja wa skeiti Nairobi: anza na aliye juu ya magurudumu

Anayefungua uwanja wa skeitibodi, rola au BMX hapa Nairobi mara nyingi hukata bima jinsi mwenye duka la viatu anavyokata yake. Mwenye ploti ameiomba, au afisa wa kaunti ameiulizia, basi anampigia ajenti, anaomba "pablik layabiliti" (bima ya dhima kwa umma, yaani ya madai ya watu wanaoumia kwako), analipa, na hati inaingia kwenye faili bila kusomwa. Siku kijana anapovunjika mkono ndipo kampuni inapoifungua kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipiwa na kuonyesha mstari mmoja: bima hii haihusu madhara yanayompata mtu anayeshiriki mchezo. Mtazamaji aliyegongwa na ubao uliomponyoka mwenzake amelindwa. Mama aliyeteleza akielekea msalani amelindwa. Aliye juu ya magurudumu, ambaye uwanja ulijengwa kwa ajili yake, hayumo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, mwandikie broka swali hili na udai jibu la maandishi kutoka kwa kampuni yenyewe: "Je, hati hii inalipa dhima yetu kwa mtu aliyeumia akiendesha ubao, rola au baiskeli ndani ya uwanja, na ni kifungu gani kinachosema hivyo?" Jibu la simu halitoshi. Kama washiriki wametengwa, omba nyongeza inayowaingiza. Bei itapanda. Ilipe, hata ikibidi kuahirisha taa mpya au rampu ya pili, maana bila nyongeza hiyo umenunua bima ya watu wanaokaa kwenye benchi.

Sheria inamtazama nani

Sheria ya dhima ya wanaodhibiti majengo na viwanja, Sura ya 34, haimfuati mwenye hati ya ardhi peke yake. Inamfuata anayedhibiti mahali. Ukiwa umekodi maegesho au godauni na wewe ndiye unayefungua na kufunga lango, wajibu wa kuwaangalia wageni ni wako. Sheria hiyo inasema pia kwamba anayedhibiti mahali ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Bango la "unaingia kwa hatari yako" halikuondolei wajibu kwa kuwapo tu. Lazima onyo liwe la kumwezesha mtu kujikinga kweli.

Upande wa pili, hudaiwi hatari ambazo mtu amezikubali kwa hiari. Hapa ndipo kesi za skeiti huamuliwa. Kijana akikosa kutua vizuri baada ya kuruka ngazi, hiyo ni hatari ya mchezo. Akianguka kwa sababu skrubu imechomoza milimita tatu kutoka kwenye plaiwudi, hiyo ni hatari ya uwanja, na uwanja ni wako. Karibu kila kitu utakachokiandika, kukipiga picha na kukihifadhi kina kazi moja: kuonyesha anguko lilikuwa upande gani wa mstari huo.

Fomu ambayo mzazi anatia sahihi kukubali hatari ina thamani, ila si bima. Inathibitisha kwamba aliambiwa. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kujifunga kwa mkataba kama mtu mzima, na hakimu hatafurahishwa na karatasi inayodai kukusamehe uzembe wako mwenyewe. Iandike kwa Kiswahili cha kawaida, itaje hatari kwa majina yake (kuvunjika kifundo cha mkono, kuumia kichwa, kugongana), na iwe na namba ya simu ya mzazi. Kwa kuwa unakusanya taarifa za watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: funga fomu kabatini, na usizipige picha kwenye grupu la WhatsApp la makocha.

Bima zenyewe

Dhima kwa umma pamoja na nyongeza ya washiriki ndiyo nguzo. Ya pili ni bima ya ajali binafsi ya kikundi, na wengi huidharau. Hii hulipa bila kuuliza kosa ni la nani: gharama za matibabu hadi kiwango fulani, ulemavu wa kudumu, kifo. Faida yake kwa mwenye uwanja ni kwamba mzazi ambaye bili ya hospitali imelipwa ndani ya wiki chache ana sababu ndogo ya kutafuta wakili. Kabla ya kuinunua, hakikisha mambo matatu. Skeiti na BMX zisiwe kwenye orodha ya michezo ya hatari iliyotengwa. Umri wa chini usiwe juu ya umri wa watoto unaowapokea. Na kikundi kihesabiwe kwa idadi, si kwa majina pekee, kwa sababu wanaolipa kiingilio cha siku moja huwezi kuwaorodhesha mapema. Kwa hao, tikiti yenye namba na daftari la mlangoni ndiyo ushahidi kwamba aliyeumia alikuwa ndani. Kadi ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ya mzazi ni mpango wake wa matibabu. Usiihesabu kama sehemu ya bima yako.

Ya tatu ni ya wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima, na kocha anayelipwa kwa siku haepuki kuwa mfanyakazi kwa sababu tu hana barua ya ajira. Fidia ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Kocha wa KSh 25,000 kwa mwezi, hiyo ni KSh 2,400,000. Andika mishahara halisi kwenye fomu. Ukiipunguza ili bei ishuke, pengo litakuja kwako. Wanaojitolea si waajiriwa, kwa hiyo waingize kwenye bima ya kikundi na uombe dhima kwa umma iwataje.

Mali hufuata. Rampu za mbao ziorodheshe kwa gharama ya kuzijenga upya leo. Ukikatia KSh 2,000,000 kitu chenye thamani ya KSh 4,000,000, moto ukaharibu cha KSh 1,000,000, kampuni itakulipa nusu, KSh 500,000, kisha itoe ekses, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ghasia za barabarani kwa kawaida hazimo katika bima ya moto. Kuna bima yake ya machafuko ya kisiasa na ugaidi, na aliye karibu na katikati ya jiji aiulize. Wakati wa kujenga, mkandarasi awe na bima yake ya hatari zote za ujenzi na awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Faili la kumpelekea mkadiriaji

Mkadiriaji wa hatari, yule anayeamua kwa niaba ya kampuni kama itakukatia bima na kwa bei gani, huenda hajawahi kuona bakuli la skeiti, yaani shimo lenye kuta za mviringo la kuendeshea. Asichokielewa atakitoza ghali au atakikataa. Kazi yako ni kumfanya aelewe, na hiyo ni kazi ya karatasi.

Weka mchoro wenye vimo vya kila rampu, jukwaa na reli, na vifaa vilivyotumika. Zege na mbao si kitu kimoja kwake: uwanja wa zege kama ule wa Shangilia kule Kangemi, uliojengwa kwa msaada wa shirika la skate-aid la Ujerumani, hauulizwi maswali ya moto na kuoza yanayoulizwa rampu za plaiwudi. Weka barua ya mhandisi aliyesajiliwa kuhusu uimara wa majukwaa. Kiwango cha Ulaya cha viwanja hivi ni EN 14974; mwambie mjenzi aandike kama alikifuata, na wapi hakukifuata. Ongeza cheti cha zimamoto, kibali cha biashara cha kaunti, mkataba wa kukodi, sheria za uwanja, saa za kufungua, idadi ya juu ya watu ndani kwa wakati mmoja, na uwiano wa kocha kwa watoto. Ongeza pia orodha ya ajali zilizotokea, hata zile ndogo. Orodha tupu haimvutii mtu anayejua kazi yake; humfanya ashuku kwamba huandiki.

Kuhusu helmeti, taja kiwango, si rangi. EN 1078 ni ya baiskeli, skeitibodi na rola. ASTM F1492 ni ya skeiti, nayo hupimwa kwa vipigo zaidi ya kimoja. Zipo helmeti nyingi sokoni zenye umbo la skeiti lakini ndani ni sponji laini tu bila alama ya kiwango chochote, hizo usizikodishe. Zile za povu gumu hupasuka ndani zikipigwa vizuri mara moja, hata kama nje hazina ufa. Zipe namba, andika nani alichukua ipi, na iliyopata kipigo kikubwa itolewe siku hiyo hiyo na kukatwa mikanda ili isirudi rafuni.

Sema kila kitu. Kama usiku mnawasha taa na kuendelea, sema. Kama BMX na skeitibodi hutumia bakuli moja, sema, pamoja na ratiba ya kuzitenganisha. Kama skuta za umeme huingia, kama kuna kibanda cha smoki chenye mtungi wa gesi, sema. Bima husimama juu ya ukweli wote, na kampuni iliyofichwa jambo kubwa ina haki ya kuitupa hati nzima.

Kifungu kwa kifungu

Hati ikija, soma viwango viwili vya juu vya malipo: kiwango kwa ajali moja na kiwango cha jumla kwa mwaka. Wauzaji husema kimoja tu, kile kikubwa. Uliza kama gharama za wakili zimo ndani ya kiwango au ziko juu yake. Zikiwa ndani, kesi ya miaka minne inaweza kuila fidia kabla haijamfikia mtu. Angalia kama ekses ni kwa kila dai au kwa kila mtu.

Kisha tafuta masharti ya lazima. Hatari kuliko yote ni hili: "helmeti zivaliwe wakati wote." Linaonekana la busara. Lakini kijana mmoja akiivua kwa dakika moja ajipanguse jasho, akagongwa, kampuni ina mlango wa kutokea. Omba libadilishwe liseme kwamba mwenye uwanja atachukua hatua zinazofaa kuhakikisha helmeti zinavaliwa. Tofauti ni ya maneno machache, nayo ndiyo tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Fanya hivyo kwa masharti ya "usimamizi wakati wote" na "lango limefungwa nje ya saa za kazi". Uwanja wa zege usio na ua, ambao watoto wa mtaa huruka saa kumi na mbili asubuhi kabla hujafika, hauwezi kutimiza sharti hilo hata siku moja. Ni afadhali kampuni ijue leo na iweke bei yake.

Mwenye ploti atataka jina lake liwemo. Kubali, lakini iandikwe kwamba analindwa kwa madai yanayotokana na shughuli zenu, si paa lake linalovuja. Kwa viwanja vya jamii, ambapo ardhi ni ya kaunti, rampu ni za kikundi cha vijana na funguo ziko kwa kanisa, andikeni kwanza mkataba wa ukurasa mmoja unaosema nani anadhibiti nini. Bila huo, pande zote tatu zitadaiwa na hakuna kampuni itakayokubali kwamba ni mteja wake aliyekuwa na wajibu. Mashindano, shule inayokodi uwanja kwa siku, na rampu ya kuhamishwa inayopelekwa kwenye tamasha ni mambo ya kutangaza mapema. Mara nyingi hayamo kwenye hati ya mwaka.

Kulipa

Chini ya kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487, kampuni haibebi hatari kabla ya kupokea malipo au kuwa na dhamana ya malipo hayo. Ahadi ya "nitatuma Ijumaa" inakuacha mtupu hadi Ijumaa. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo atumie mkopo wa bima wa benki, lakini asiruke awamu.

Juu ya bei ya msingi kuna tozo ya mafunzo asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa fidia kwa wenye bima asilimia 0.25, na stampu KSh 40. Kwa mfano wa hesabu tu, bei ya msingi ikiwa KSh 80,000, unaongeza 160, 200 na 40, jumla KSh 80,400. Ukiletewa ankara yenye "ada ya huduma" nyingine, uliza ni ya nini.

Hakikisha kampuni na broka wako kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Leseni huisha tarehe 31 Desemba. Na usivutwe na bima za viwanja zinazouzwa mtandaoni kutoka Marekani au Uingereza. Hata zikiwa zimeandikwa vizuri kuhusu skeiti, sheria yetu hairuhusu kuweka hatari ya Kenya kwa kampuni ya nje bila idhini ya Kamishna wa Bima. Zitumie kama mfano wa maneno ya kuomba hapa.

Daftari la asubuhi

Sehemu hii inaonekana kama ya mfagiaji, lakini ndiyo inayolipa madai. Gurudumu la skeitibodi ni dogo, la kipenyo cha milimita 50 hadi 54, na ni gumu. Kokoto ya ukubwa wa haragwe hulisimamisha papo hapo. Ubao unabaki, mwili unaendelea, mtu anatanguliza viganja, kifundo kinavunjika. Kwa hiyo kabla ya kufungua, fagia uso mzima, hasa chini ya mteremko ambako mchanga hujikusanya.

Plaiwudi hunyonya maji wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, huvimba na kuinua kingo, kisha jua huikausha na skrubu hubaki zimechomoza. Pitisha kiganja chenye glavu, si macho tu. Kaza, au ng'oa na uweke skrubu nene zaidi. Bamba la chuma pale rampu inapokutana na sakafu lilale bapa. Likiinuka kona, funga rampu hiyo. Kwenye zege, ufa unaoingiza ukingo wa sarafu ya shilingi kumi uzibwe kabla ya kutumika. Tikisa kila reli kwenye mguu wake, kagua weldi ya bomba la ukingoni. Maua ya jakaranda yakidondoka kuanzia Septemba na kulowa, huteleza kama sabuni, yasisubiri jioni.

Andika kwenye daftari la jalada gumu lenye kurasa zilizopigwa namba: tarehe, saa, kilichoonekana, kilichofanywa, jina, sahihi. Karatasi moja moja hupotea, na wakili wa upande wa pili atasema zimeandikwa jana. Daftari lenye "sawa, sawa, sawa" miezi sita mfululizo halimshawishi mtu pia. Lenye "skrubu mbili rampu ya kushoto, imefungwa kwa utepe, imetengenezwa saa tano" hushawishi. Madai ya majeraha kwa kawaida yana miaka mitatu kufikishwa mahakamani, kwa hiyo usitupe daftari kabla ya hapo, na ya watoto yatunze hadi wapite utu uzima kwa miaka kadhaa.

Mtu akiumia

Mhudumie kwanza. Usimvue helmeti aliyeumia shingo au kichwa ikiwa anapumua vizuri. Mwache atulie hadi ambulensi ifike. Mtu mmoja ampigie mzazi, mwingine asimame kwenye eneo la ajali ili pasiguswe.

Kabla uwanja haujaendelea, piga picha za uso pale alipoanguka, kwa karibu na kwa mbali, pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa. Piga ubao, magurudumu, helmeti na namba yake. Hifadhi video ya kamera siku hiyo hiyo, maana mashine nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Chukua majina na simu za mashahidi wawili. Kwenye fomu andika kilichoonekana: "gurudumu la mbele lilisimama, akaangukia mkono wa kulia." Usiandike "alikuwa mzembe", wala "rampu yetu ni mbovu".

Kumtembelea majeruhi hospitali ni utu, nenda. Lakini usikiri kosa wala usiahidi kulipa bili, kwa sababu hati nyingi zinakataza, na ahadi yako inaweza kuiharibu bima ambayo ingemlipa. Mwambie mzazi kuna bima ya ajali, mpe fomu ya dai, msaidie kuijaza.

Mpe broka taarifa kwa barua pepe ndani ya saa 24, hata kama hakuna aliyedai chochote. Aliyeumia akiwa mfanyakazi, ripoti kwa idara ya usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Barua ya wakili ikija, usiijibu mwenyewe. Ipeleke kwa kampuni siku hiyo. Wito wa mahakama una haraka zaidi. Mahakama ya Madai Madogo ina uwezo wa kusikiliza fidia ya majeraha hadi KSh 1,000,000 na sheria inaitaka imalize kesi kwa siku 60, kwa hiyo wito uliokaa wiki mbili chini ya daftari la tikiti unaweza kuzaa hukumu kabla kampuni haijajua.

Kampuni ikikaa kimya kwenye dai la mali au la ajali binafsi, ikumbushe kwa maandishi kwamba sheria inaipa siku 90 tangu dai liripotiwe. Zikipita, lalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima ukiambatanisha barua zote na tarehe zake.

Miezi miwili kabla ya bima kuisha, toa nakala za daftari, orodha ya ajali na kila rampu mpya uliyoongeza, uzipeleke kwa makampuni matatu. Rampu iliyojengwa Juni haimo kwenye hati ya Januari hadi uiandikie barua.